Mama, Yule Anaimba Nini?

Mwezi wa Julai tulikwenda sinema familia nzima kuangalia Superman mpya. Tulipotoka tukasimama kituoni kungoja basi la Coventry Road, na watu wanne wa nyumba moja tukaanza kubishana kama wabunge. Hatukubishania hadithi, wala mapigano, wala kama David Corenswet anafaa kuvaa lile joho jekundu. Tulibishania muziki.

Baba watoto alikuwa amekasirishwa na gitaa. Yeye aliiona Superman ya mwaka 1978 kwa kanda ya video iliyokuwa ikizunguka mtaani kwao Mombasa, na tangu siku hiyo Superman kwake ni matarumbeta. Wimbo ule aliutunga John Williams, ukapigwa na London Symphony Orchestra, na mume wangu anaupiga mluzi mpaka leo akinyoa ndevu. Sasa kwenye filamu hii ya James Gunn, watunzi wawili, John Murphy na David Fleming, wameuchukua wimbo uleule na kuupitisha kwenye gitaa la umeme. "Wamemvalisha mzee suruali ya kubana," akalalamika.

Kijana wetu ana miaka 19. Akacheka. Yeye ndiye aliyekuwa akitupigia gitaa hilo sebuleni tangu Desemba 2024, kionjo cha kwanza cha filamu kilipotoka. Kwake, gitaa limemtoa Superman kwenye kanda za baba na kumleta barabarani, mahali wanapokaa vijana.

Binti yetu, mwenye miaka 15, hakuwa upande wowote. Anasoma Muziki kama somo lake la GCSE, na siku hizi hakuna wimbo unaopita nyumbani bila kukaguliwa. Aliuliza swali moja tu: "Lakini mbona nyote mlijua ni yeye anakuja, kabla hajaonekana?"

Mimi nilikuwa nimeshughulika na bisi. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani, na ndilo lililonitoa jasho wiki chache baadaye, kama nitakavyosimulia.

Msomaji, usidhani ni sisi tu. Mashabiki wa filamu hiyo waligawanyika hivyohivyo. Wapo waliolia waliposikia wimbo wa utoto wao umerudi. Wapo waliosema filamu mpya ingethubutu kutunga wimbo wake, isitembelee magongo ya mwaka 1978. Na wapo ambao gitaa liliwakera masikio. Mtu asiyejua angeshangaa watu wazima kutoleana macho kwa sababu ya nota chache. Sisi tuliokulia pwani hatuna haki ya kushangaa, maana methali tunayo: mbiu ya mgambo ikilia, ina jambo.

Mbiu ni pembe. Ilipopulizwa, watu waliacha kazi wakasikiliza, kwa sababu walijua kuna habari. Wimbo wa shujaa kwenye filamu unafanya kazi hiyohiyo. Mtunzi anachagua nota tatu au nne, anazifunga kwa mtu mmoja, halafu anazirudia kila mtu huyo anapokaribia, mpaka sikio lako linamjua kabla ya jicho. Ndiyo maana nota tatu kuu za wimbo wa Williams zinaingia sawasawa na silabi tatu za jina: Su-per-man. Hakuna anayeimba, lakini jina unalisikia. Wiki mbili hivi baada ya Superman ikaja filamu ya The Fantastic Four, na huko mtunzi Michael Giacchino hakujificha kabisa: kwaya yake inaliimba jina la mashujaa wazi, kama washangiliaji wa mpira. Kwa hiyo anayekubadilishia mbiu yako amekugusa jina. Baba watoto ana haki ya kukasirika kidogo.

Julai hiyo haikuwa ya kawaida katika mji wetu. Siku 6 kabla ya Superman kutoka, tarehe 5, Black Sabbath walipiga tamasha lao la mwisho uwanjani Villa Park, hatua chache kutoka mitaa ya Aston walikokulia. Tarehe 22 mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, akafariki. Tarehe 30 gari la maiti likapitishwa Broad Street, bendi ya matarumbeta ikisindikiza, na watu wamejaa njia nzima. Jirani yetu, mzee wa Kiingereza aliyefanya kazi ya kiwandani maisha yake yote, alirudi kutoka huko macho mekundu. Nilimpelekea sahani ya viazi karai, kama tunavyofanya kwetu mtu akifiwa, na akatukalisha kutusimulia.

Alituambia kwamba mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati akiwa na miaka 17. Akajitengenezea vifuniko vya vidole, akalegeza nyuzi za gitaa ili zisimuumize, na sauti nzito iliyotoka hapo ikawa sauti ya aina nzima ya muziki. "Ile ni sauti ya viwanda vyetu," mzee akasema. Halafu akamgeukia binti yangu: "Umeiona Iron Man?" Nani hajaiona? Filamu ya mwaka 2008, Tony Stark anawaambia waandishi wa habari kuwa yeye ndiye Iron Man, na hapohapo unaingia wimbo wa Black Sabbath wenye jina hilohilo, wa mwaka 1970. Sauti ya Aston, ndani ya filamu iliyozunguka dunia nzima.

Tukarudi nyumbani. Binti yangu akavua viatu, akakaa kwenye ngazi, akasema: "Kwa hiyo Birmingham ina sauti yake kwenye filamu za mashujaa. Na sisi je, Mama?"

Nilijibu haraka, bila kufikiri: "Sisi tuna Black Panther."

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Turudi nyuma kidogo, Februari 2018, wiki ya likizo fupi ya shule. Mnakumbuka jinsi ilivyokuwa. Kisumu walifanya uzinduzi wao, kwa ajili ya Lupita Nyong'o, binti wa nyumbani. Sisi wa huku tulikwenda Star City, Nechells, tumevaa kama tunakwenda harusini. Niliona kanga, vitenge, kofia za vito, hata mama mmoja na dera lake chini ya koti la baridi. Ndani ya filamu yupo Lupita, yupo Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, yupo Daniel Kaluuya, mtoto wa London mwenye wazazi wa Uganda. Kila alipotokea mmoja wao, safu yetu ilikuwa na mtu wa kumdai kuwa ni wake.

Halafu ikaja ile sehemu chombo kinaporuka juu ya mbuga kuelekea Wakanda, na sauti ya mwanamume ikapaa peke yake, ndefu, kali, kama ya muadhini aliyesimama juu ya kilima. Nywele zilinisimama. Binti yangu, wakati huo ana miaka 8, akanivuta mkono: "Mama, yule anaimba nini?"

Sikujua. Sikuwa na fununu. Lakini ukumbi mzima ulikuwa na sherehe, mimi ni mama Mwafrika, na mtoto wangu ananiuliza habari ya Afrika. Nikamwambia: "Anawakaribisha. Anasema karibuni nyumbani."

Aliniamini. Aliamini miaka saba. Aliwaambia marafiki zake wa shule, nadhani alimwambia hata mwalimu.

Basi Septemba mwaka huu shuleni wakapewa kazi: chagueni nyimbo mbili za mashujaa wa filamu, mzilinganishe. Akachagua Superman na Black Panther. Jioni moja alishuka kutoka chumbani na hedifoni shingoni na daftari mkononi. Hakuwa amekasirika, ingekuwa afadhali angekasirika. "Mama," akasema, "yule mtu hakuwa anatukaribisha. Alikuwa anaimba kuhusu tembo aliyekufa."

Nikakaa chini, akanisomea alichokipata, na mimi nimekifuatilia tangu hapo. Nitawapa kama kilivyo, maana wengi wetu tuliishangilia filamu ile bila kujua tulikuwa tunasikiliza nini.

Muziki wa Black Panther ulitungwa na Ludwig Göransson, Msweden, rafiki wa mwongozaji Ryan Coogler tangu wakiwa wanafunzi California. Alipopewa kazi alifanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: alisafiri. Alikwenda Senegal, na mwanamuziki Baaba Maal akamchukua katika ziara yake ya maonyesho, akakaa, akasikiliza. Sauti tuliyoisikia Star City ni ya Baaba Maal mwenyewe, akiimba kwa Kifulani. Göransson ameeleza katika mahojiano kwamba maneno yale yanahusu tembo aliyekufa, na kwamba sasa ni zamu ya mfalme mpya. Fikiria tena ile hadithi: baba yake T'Challa ameuawa, na kijana yuko ndani ya chombo kile, anarudi nyumbani kutawazwa. Kumbe ilikuwa tanzia. Mwimbaji alikuwa akituambia mkubwa ameondoka, na mimi nilikuwa nikimwambia mtoto "karibuni".

Kuna zaidi. Katika ziara ile Göransson alikutana na Massamba Diop, mpiga tama. Tama ni kile kingoma kidogo kinachobanwa kwapani. Ukikibana nyuzi zinakaza na sauti inapanda, ukikilegeza inashuka, na fundi anaweza kuifanya ifuate mwendo wa maneno. Göransson akaomba ngoma ilitaje jina la mfalme, na ndiyo mbiu ya T'Challa katika filamu: silabi za jina lake, kwa ngozi ya ngoma. Na adui yake, Killmonger, akapewa filimbi ya Kifulani, iliyopigwa na Amadou Ba, mtu anayepuliza huku akinong'ona na kupiga ukelele ndani ya filimbi hiyohiyo. Chini ya filimbi wameweka midundo ya rapu ya Marekani, kwa sababu Killmonger mwenyewe amekulia Oakland. Ukiisikiliza ukiwa umelijua hilo, unasikia mtoto wa ughaibuni ambaye asili yake inampigia kelele ndani ya kifua. Mwanangu wa kiume alinyamaza kimya tulipofika hapo. Sikumuuliza kwa nini.

Kazi hiyo ilimpa Göransson tuzo ya Oscar mwaka 2019. Sasa angalia hesabu inavyokuwa. Katika ramani mojawapo ya Marvel, nchi ya Wakanda iko Afrika Mashariki, upande wa Ziwa Turkana. Ni majirani zetu kabisa. Lakini wanaongea Kixhosa, kwa sababu mzee John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini, alikiingiza katika filamu ya mwaka 2016 na kikabaki. Wanaimba Kifulani na wanapiga ngoma ya Senegal. Kiswahili hakipo hata cha kuombea maji. Binti yangu alipomaliza kusoma alifunga daftari akasema, taratibu: "Kwa hiyo si sisi."

Nitakiri kwamba jambo la kwanza nililotaka kufanya ni kujitetea. Afrika ni moja, nilitaka kusema. Wote ni ndugu. Na ni kweli, tulipokuwa tunashangilia pale Star City tulikuwa tunashangilia kitu cha kweli: mtu alikuwa amesafiri, ameuliza, na amewalipa wenye ngoma wapige wenyewe. Lakini mtoto hakuniuliza kama sisi ni ndugu. Aliniuliza yule anaimba nini, na nikampa jibu la kubuni kwa sababu niliona aibu kusema sijui. Msweden alikwenda Senegal kuuliza. Mimi sikuuliza hata jirani yangu wa hapa Small Heath, ambaye ametoka Gambia na anazungumza Kifulani.

Na si mara ya kwanza. Watoto walipokuwa wadogo niliwaambia ule wito unaofungua The Lion King, jua linapochomoza, ni Kiswahili. Si Kiswahili. Ni Kizulu, sauti ya Lebo M wa Soweto, aliyefanya kazi na Hans Zimmer mwaka 1994. Majina ndiyo yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Tulipewa majina, Wazulu wakapewa wito. Ni rahisi kuchanganya, na wageni wakichanganya tunawacheka. Sisi wenyewe tukichanganya mbele ya watoto wetu, tunawaachia deni.

Kijana wangu ndiye aliyenipa afueni. "Lakini kuna Baba Yetu, Mama." Nikadhani anataka kuswali kikanisa. Kumbe anasema wimbo wa mchezo wa kompyuta, Civilization IV, wa mwaka 2005. Mtunzi wake ni Mmarekani, Christopher Tin, ambaye aliichukua Sala ya Bwana kwa Kiswahili na kuipa kwaya kubwa. Mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Aliniwekea tukausikiliza jikoni. Kiswahili, sahihi, kinasikika kila neno. Sisi ni Waislamu, lakini siku ile nilisimama na mwiko mkononi nikausikiliza mpaka mwisho, kwa sababu kwa mara ya kwanza watoto wangu walikuwa na wimbo mkubwa wa dunia ambao hawakuhitaji mtu awafasirie.

Hata hivyo swali la kwenye ngazi lilikuwa bado lipo pale pale. Si swali la lugha tu. Ni swali la sauti. Ikipulizwa ipi ndipo mtu ajue kwamba sisi tunakuja?

Tukaanza kuandika orodha kwenye meza ya chakula. Baba watoto akataja siwa. Ukifika Lamu, makumbusho ya pale ufukweni wanazo mbili: ya Lamu ya shaba, na ya Pate ya pembe za ndovu, ndefu kumpita mtu mzima. Siwa haikupulizwa ovyo. Ilikuwa ya watawala na ya sherehe za watu wa ukoo, na asiye na haki nayo hakuipata. Ukitaka mbiu ya mfalme wa pwani, ndiyo hiyo, na haijaingia kwenye filamu yoyote ya mashujaa niliyoiona.

Rafiki yetu mmoja, Mkongomani wa Kisangani tuliyempigia simu, akadai nafasi ya lokole, ule mti uliochongwa ukawa na mdomo mrefu na sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwa Walokele lugha yao ni ya toni, kwa hiyo mti ule unaweza kusema sentensi nzima. Mmisionari mmoja Mwingereza, John Carrington, aliyekaa Yakusu karibu na Kisangani, aliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1949. Alieleza kwamba kwa kuwa maneno mengi yana toni zinazofanana, mpigaji halitaji neno peke yake. Analirefusha kwa sifa zake, mpaka msikilizaji wa mbali asiweze kukosea. Binti yangu akaandika hilo kwa wino mwekundu. Kiswahili chetu hakina toni za namna hiyo, kwa hiyo ngoma zetu haziwezi kutaja jina peke yake. Lazima mtu aimbe.

Kisha akagundua jambo lililonichoma. Kabla ya kutunga, Göransson alikwenda pia Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Kiafrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954 na ambayo sasa iko Makhanda, mji uliokuwa ukiitwa Grahamstown. Tracey huyo mwaka 1950 alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akirekodi. Wamo humo wasichana wa Kikipsigis wakimwimba Chemirocha, jina walilomtengenezea mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, waliyemsikia kwenye santuri na kumwazia kuwa nusu mtu, nusu paa. Mwaka 2014 rekodi zile zilirudishwa Kenya, na Tabu Osusa wa Ketebul Music alikuwa miongoni mwa waliozipeleka kwa wenyewe. Maana yake sauti zetu zilikuwa kwenye rafu, katika nyumba ileile ambayo mtunzi wa Black Panther aliingia. Tulikuwepo, ila hatukuwa tumeulizwa. Na haki ya kulalamika ninayo kiasi gani, mimi ambaye nyumbani kwangu pia sauti ziko kwenye rafu na sijamuuliza mtu?

Rafu yangu iko Mombasa, na ina miaka 78. Jumapili tulimpigia mama yangu simu. Yeye ni mzaliwa wa Lamu.

"Shikamoo Nyanya."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Binti akamweleza yote: Superman, gitaa, tama, tembo. Mama alisikiliza kwa subira ya mtu aliyelea watoto saba. Kisha akasema: "Sasa sisi tulikuwa na vugo. Mamako hakukwambia?"

Mamako hakuwa amemwambia. Vugo ni ngoma ya harusi ya wanawake wa pwani, Lamu na Mombasa. Wanashika pembe za nyati, wanazigonga kwa vijiti, wanatembea njiani wakiimba, na mji unajua. Nilipokuwa mtoto nilizisikia mara mbili au tatu, nikaona ni mambo ya kizee. Nilitaka kaseti za dansi.

"Na vugo linasema nini, Nyanya?"

"Linasema nani anaolewa, na ni mtoto wa nani. Utalijuaje jambo la mtu usipolijua jina la mamake?"

Jioni ile ukaingia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, dakika 2 na sekunde kidogo. Mama hana pembe siku hizi. Amechukua kijiko cha mti na sinia, na mdundo ni uleule. Sauti yake imekuwa nyembamba, na katikati kuna pikipiki inapita. Anaimba jina la binti yangu. Halafu jina langu. Halafu lake. Halafu la mama yake, marehemu bibi yangu. Halafu likaja jina jingine moja, ambalo sijapata kulisikia maisha yangu.

Binti akasimamisha ujumbe. Akanitazama. "Mama, huyo wa mwisho ni nani?"

Miaka saba iliyopita ningekuwa na jibu tayari.

"Sijui," nikasema. "Tumpigie tumuulize."

Tukampigia. Alikuwa ni nyanya yake mama, mwanamke wa Pate aliyehamia Lamu akiwa na mtoto mgongoni, na ambaye katika familia alitajwa siku zote kwa cheo tu, mpaka jina likapotea midomoni mwetu. Limekaa ndani ya vugo peke yake, likingoja mtu agonge sinia. Nimeliandika nyuma ya Kurani yetu, pamoja na majina ya watoto.

Kazi ya shule imekwisha na imepelekwa. Binti alilinganisha Superman na T'Challa kama alivyoagizwa, akaongeza ukurasa mmoja ambao hakuagizwa, kuhusu sinia la Mombasa. Matokeo bado. Baba watoto bado hajalisamehe gitaa, ingawa juzi nilimkuta akinyoa ndevu kwa mdundo wa kijiko.

Kwenu nyumbani, mkikaa na watoto kuangalia filamu, na ikatokea sauti ikawasimamisha nywele, na mtoto akauliza inasema nini, nawaomba jambo moja dogo. Kama mnajua, mwambieni. Kama hamjui, msifanye kama mimi. Shikeni simu. Huenda mwenye jibu ni jirani wa ghorofa ya juu, au ni mzee mmoja kule nyumbani ambaye hakuna aliyepata kumuuliza. Na mkiwa naye kwenye simu, mwombeni agonge kitu chochote kilicho karibu na ataje majina, nanyi bonyezeni kitufe cha kurekodi.

Tuonane mwezi ujao, inshallah.